Nilivyotangaza petroli kwenye visima vya Karurumo kabla ya kusoma ukurasa wa mwisho

Wakuu, nawasalimu kutoka upande huu wa mlima. Huku kumenyesha tangu asubuhi, barabara imekuwa matope na field haiendeki, kwa hivyo leo niko na muda wa kuandika.

Kabla mtu hajaniita kaka, mimi ni mwanamke. Na haya ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe. Pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina nimebadilisha. Mahali ni karibu na Karurumo, na wenyeji mkijitambua, naomba mnyamaze tu.

Kazi yangu ni kuchukua sampuli za maji ya chini ya ardhi. Visima, borehole, chemchemi. Mtu akishuku maji yake yameingiliwa na dawa za shambani, au choo, au mafuta, sisi ndio tunaitwa. Tunachukua maji, tunayapeleka maabara Nairobi, halafu tunaandika ripoti.

Watu hudhani ni kujaza chupa. Mdogo wangu huko nyumbani Kibirichia huniuliza kila Krismasi, "Kwani ulienda university kusomea kuteka maji?"

Mimi humjibu ndio, na wewe mwenye kulima waru, hivyo viazi vyako, hujui kuteka.

Si mchezo. Chupa ya kupima petroli ni ndogo, ya kioo, kama ile ya dawa ya kikohozi ya mtoto. Unaijaza mpaka maji yanavimba juu ya mdomo, halafu unaifunga bila kuacha hata povu moja la hewa. Ukiacha povu, petroli inatoka kwa maji inahamia kwenye hewa, na maabara itakuambia maji ni safi kumbe sio. Ukishafunga unaipindua na kuigonga na kidole. Ukiona povu, mwaga, anza upya.

Mimi nafunga mara moja. Nimefanya Maua na upepo unang'oa kofia, nimefanya kwenye mvua, nimefanya nikiwa na mimba ya miezi saba. Sijisifu. Ama tuseme najisifu, lakini ni kweli.

Sasa sikilizeni.

Tuliitwa na kikundi cha wakazi. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu, nitamwita Mwalimu Igoki. Alifundisha primary miaka mingi, na nusu ya watu wa pale amewahi kuwachapa. Mjane, mrefu, sauti yake ukiisikia unaketi wima. Ana kisima nyumbani kwake, na kando ya boma ana posho mill, mashine ya kusaga unga, ambayo mumewe alimwachia.

Malalamiko yalikuwa haya. Maji ya kisima chake yalianza kunuka mafuta. Chai ikawa hainyweki. Na juu kidogo, pale kando ya lami, kuna petrol station ya bwana mmoja nitakayemwita Njeru.

Hesabu yake ni rahisi, si ndio? Station iko juu, kisima kiko chini, maji yananuka. Mtu yeyote angesema tangi la Njeru linavuja.

Hata mimi nilisema hivyo. Nilisema nikiwa bado kwenye gari.

Tulienda watu wawili, mimi na dereva wetu Mutwiri. Mutwiri ni mtu wa Chuka, mtulivu, akiendesha haongei. Mpango ulikuwa visima vitatu. Kisima cha kwanza kiko juu ya station, ng'ambo ya lami, kwa nyanya mmoja. Hicho ni cha kulinganisha tu, maana mafuta hayapandi mlima. Cha pili ni cha Mwalimu. Cha tatu kiko chini zaidi, karibu na mashamba ya kahawa.

Tulibeba pampu na jenereta ili tutoe kwanza maji yaliyolala kisimani, yaingie mapya. Jenereta inatumia petroli. Petroli ilikuwa kwenye jerikeni. Jerikeni ilikuwa nyuma ya gari, kando ya katoni ya chupa tupu.

Wenye kazi hii tayari mmeshika kichwa. Ngojeni, kuna zaidi.

Kwenye kisima cha kwanza barafu ya kuhifadhi sampuli ilikuwa imeanza kuyeyuka, kwa hivyo Mutwiri akachukua boda mpaka Runyenjes kutafuta ingine. Kawaida yeye ndiye hushika mambo ya jenereta. Siku hiyo ikazima akiwa hayupo. Nikaijaza mimi, nikiwa nimevaa glavu.

Halafu nikaendelea kujaza chupa. Na glavu zilezile.

Sikufikiria. Huo ndio ukweli wangu. Mkono ukizoea kazi, kichwa huenda matembezi.

Kwa Mwalimu watu walikuwa wamejaa. Maji yalipotoka kila mtu alisema, "Unaona? Petroli hiyo!" Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika harufu. Niliinusa. Kuna kitu kilinigusa, harufu ilikuwa nzito, ya kukaa kooni. Lakini watu kumi walikuwa wanasema petroli, na mimi nikaandika petroli.

Nikieleza kitu kimoja hapa mtaelewa yanayofuata. Kila safari tunabeba chupa inaitwa blank. Ni maji safi kabisa kutoka maabara. Ukifika kisimani unayamimina kwenye chupa palepale, kwa hewa ileile na mikono ileile, halafu yanarudi maabara pamoja na zingine. Maabara ikikuta mafuta kwenye blank, hayo mafuta hayakutoka kisimani. Umeyaleta wewe.

Nilijaza blank vizuri. Sampuli zikaenda.

Matokeo yalikuja Alhamisi kwa email. Nilikuwa nakula lunch kwa meza ya ofisi. Nikafungua ukurasa wa kwanza, kisima cha pili, petroli iko. Ukurasa wa pili, kisima cha tatu, petroli iko. Hapohapo simu ikalia. Mwalimu Igoki.

"Kendi, mwari wangu, hiyo kitu imetoka?"

Utaratibu unasema usiseme lolote kabla ripoti haijaandikwa na kusainiwa. Utaratibu naujua, ninaufundisha wengine. Lakini yule mama alikuwa amengoja majuma matatu, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

Nikamwambia, "Imetoka, Mwalimu. Petroli iko."

"Asante. Mungu akubariki. Nilijua."

Maneno mawili tu niliyosema ya maana: petroli iko. Nikamaliza chakula changu.

Jumatatu nikaketi kuandika ripoti. Nikafungua matokeo yote, kurasa zote. Kisima cha kwanza, kile cha juu ya station: petroli iko.

Nikasimama kidogo. Mafuta yamepandaje mlima?

Nikaenda ukurasa wa mwisho. Blank. Petroli iko.

Wakuu, niliacha meza vile ilivyokuwa. Nilishuka nikaenda kwenye gari, nikafungua nyuma, nikatoa ile jerikeni. Mpira wa kifuniko ulikuwa umepasuka. Nikanusa katoni ya chupa. Nikakumbuka glavu. Yote yakajipanga mbele yangu kama watoto kwenye parade.

Hayo matokeo yote yalikuwa takataka. Na mimi ndiye niliyeyachafua.

Nilimwendea mdosi wangu nikamwambia yote bila kupunguza. Akavua miwani.

"Umeshamwambia mtu?"

"Nilimwambia Mwalimu. Kwa simu. Alhamisi."

Akaniangalia muda mrefu. Nilitaka apige kelele, ingekuwa rahisi. Akasema, "Tutarudia kwa gharama yetu. Lakini kuwaambia, utaenda wewe. Si kwa simu."

Jumanne asubuhi nikaondoka na Mutwiri. Kutoka ofisini Embu hadi pale alisema kitu kimoja tu.

"Madam, kuna magogo."

Kweli, mlango wa petrol station ulikuwa umezibwa na magogo mawili ya mti wa grevillea. Pampu zimefungwa. Kijana wa kuuza mafuta hayupo, alikuwa ameambiwa akae nyumbani. Njeru mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya ofisi yake, mikono kwa magoti, anaangalia lami.

Baadaye ndipo nilielezwa yaliyotokea. Alhamisi ileile jioni neno lilikuwa limefika kila boma: vipimo vimetoka, Njeru ametulisha sumu. Ijumaa magogo yakawekwa. Jumapili kanisani, Njeru ambaye ni mzee wa kanisa aliambiwa kwa upole asisome somo. Na mke wake, Mama Mukami, alipoenda kuketi na wenzake wa kikundi cha akina mama, benchi yote ilinyamaza. Hakuna aliyemsalimia. Hata mmoja. Ibada ilipoisha alitembea nyumbani peke yake.

Hayo yote kwa sababu ya sentensi moja niliyoisema nikiwa na chapati mkononi.

Mwalimu aliita watu kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa. Walikuwa kama arobaini. Niliomba Njeru pia aje, na alikuja, akasimama nyuma kabisa.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kiofisi kwenye karatasi. Nilipowaona nikaikunja.

Nikasema, "Vipimo tulivyochukua havifai. Mimi ndiye niliyeviharibu. Nilishika petroli ya jenereta, halafu nikashika chupa zenu. Kwa hivyo petroli ambayo maabara ilikuta ni yangu. Hatujui kama kisima chochote kina mafuta. Hatujui kama Bwana Njeru ana makosa au hana. Nilisema kabla ya kujua, na ninaomba msamaha."

Kelele zikaanza, za kila aina.

"Amenunuliwa huyo!"

"Alhamisi iko, Jumanne hakuna! Hiyo petroli ilienda kupanga nyumba wapi?"

Mwalimu Igoki alinyanyua mkono, wakanyamaza. Akanikaribia mpaka nikasikia harufu ya sabuni kwa nguo zake.

"Kendi, niangalie. Huyu mtu amekupatia kitu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Unaweza kuapa?"

"Siapi. Nitafanya kitu bora. Nitachukua maji upya, na wewe utasimama hapo hapo ukiandika kila kitu ninachofanya. Kwa mwandiko wako. Na Bwana Njeru atasimama upande ule mwingine akiangalia. Nikikosea hata kidogo, mseme."

Njeru aliongea kwa mara ya kwanza kutoka nyuma. Hakupandisha sauti.

"Madam, leo unasema hivi. Kesho utasema nini?"

Nikamjibu, "Kesho nitasema kile maabara itasema. Yote, mpaka ukurasa wa mwisho."

Sijui kama alinisadiki. Lakini tuliporudi siku mbili baadaye, alikuja.

Hapo sasa, wakuu, nilirudi kuwa mtu wa kazi yangu. Aibu niliiweka kando kama koti. Jenereta hatukubeba. Gari tulilisimamisha mbali, upande ambao upepo unaenda. Chupa zilitoka maabara jana yake zikiwa zimefungwa. Maji tuliteka na bailer, ni bomba refu la plastiki lenye vali chini, unalishusha na kamba mpya kila kisima kisha unalitupa. Glavu nilibadilisha kila mara nilipogusa chochote, hata nilipojikuna pua.

Mwalimu aliandika yote kwenye exercise book. "Saa nne na dakika kumi. Amevaa glavu mpya. Amejikuna. Amevua. Amevaa zingine." Watu walicheka kidogo, na hicho kicheko kilinisaidia.

Kisima cha kwanza tulimaliza salama. Tukashuka kwa Mwalimu.

Hapo nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mara ya kwanza. Nilitoa karatasi nne, moja yangu. Moja nikampa Mwalimu, moja Njeru, moja Mutwiri. Nikasema kila mtu anuse hayo maji, aandike ni harufu ya nini, asiseme.

Mwalimu alinusa akaandika. Mutwiri akanusa akaandika. Njeru alinusa, akainua kichwa, akanusa tena. Na akashindwa kunyamaza.

"Hii si petroli," akasema. "Mimi nimeuza petroli miaka kumi na tano, hata nikilala naijua. Hii ni dizeli."

"Tumeambiwa tusiongee!" Mwalimu akamkemea, kama mtoto wa darasa la nne.

Karatasi ya Mutwiri pia iliandikwa dizeli. Ya Mwalimu iliandikwa petroli. Mimi yangu nilikuwa nimeshaiandika na kuikunja: dizeli.

Nikavaa glavu mpya. Nilipokuwa nafunga chupa niliinua macho kuangalia lile boma. Kutoka kisimani hadi posho mill ni hatua kama ishirini, na posho mill iko juu. Nyuma yake kulikuwa na pipa la chuma, nusu limezikwa kwenye udongo. Udongo wetu huku ni mwekundu, mnaujua. Pale chini ya pipa ulikuwa mweusi, na nyasi hazikuota.

Nikaangalia pembeni. Nilishajifunza kufunga mdomo.

Niliipigia simu maabara nikiwa njiani. Nikawaomba kwamba safari hii wasipime petroli peke yake, waangalie na dizeli.

Siku tisa. Siku tisa Mwalimu hakupiga simu hata mara moja, na mimi nilijua anajizuia. Magogo yalikuwa bado yapo, lakini niliambiwa mtu alikuwa ameyasogeza kidogo, boda zikawa zinapita.

Matokeo yalipokuja nilianza na ukurasa wa mwisho. Blank, safi. Nikapumua. Kisima cha kwanza, safi. Cha tatu, safi. Cha pili, hakuna petroli hata chembe. Dizeli, nyingi.

Niliisoma mara nne. Nikampelekea mdosi, akasoma, akasaini. Halafu nikaendesha mwenyewe hadi Karurumo, nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Hilo halikuwa kwenye utaratibu. Ripoti ilikuwa yao, lakini lile pipa lilikuwa lake.

Nilisimama mlangoni. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliona uso wangu, akaweka ungo chini.

"Ni ya kwangu," akasema. Hakuuliza.

"Ni dizeli, Mwalimu. Iko kwenye kisima chako tu. Bwana Njeru hana makosa."

Kuku waliingia wakaanza kula maharagwe na hakuwafukuza. Halafu akasimama, akaniongoza nyuma ya posho mill, tukasimama mbele ya lile pipa.

"Mzee wangu ndiye aliiweka hapa," akasema. "Alichimba na mikono yake, akasema ikiwa ndani ya udongo haitaibiwa. Mimi nikimwaga dizeli ndani kila mwezi nilikuwa nafikiria yeye alipanga vizuri." Akagusa kifuniko. "Kumbe nilikuwa namwaga kwa chai yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba chuma huoza chini ya ardhi na hakuna aonaye, si kosa la mzee wala lake. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, lakini mawazo yake hayakuwa pale.

"Ripoti nitasoma mimi," akasema baadaye.

"Mwalimu, ninaweza kusoma. Ndio kazi yangu."

"Nani aliita mkutano wa kwanza? Mimi. Nani alisema Njeru ametulisha sumu? Wewe ulisema petroli. Mimi ndiye nilisema Njeru."

Aliisoma kesho yake, palepale kiwanda cha kahawa. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Alisoma kisima kwa kisima, na alipofika cha pili alisema, "Kisima cha Igoki," akasoma jina lake wazi, kisha akasema dizeli imetoka kwa pipa la posho mill yake.

Halafu akamtafuta Njeru kwa macho. "Baba Mukami, nimekukosea mbele ya watu. Naomba msamaha mbele ya watu."

Mnafikiri alikumbatiwa? Hapana. Njeru alisimama, akavua kofia, akaishika mbele.

"Nimesikia, Mwalimu. Mimi nilifungiwa duka tu. Mke wangu ndiye hamkumsalimia. Mwambieni yeye."

Mama Mukami hakuwa pale. Tangu ile Jumapili hakuwa anakuja mahali watu wameketi.

Mwalimu alikunja ripoti, akaiweka kwenye kikapu, akaanza kupanda njia ya kwenda kwao. Hakuita mtu. Lakini nilimfuata, maana sentensi ya kwanza ilikuwa yangu. Wanawake watano sita wa kikundi chao wakafuata pia, nyuma kabisa, wakiangalia chini.

Tulimkuta anafua. Mikono povu mpaka kwenye viwiko. Alituona tukiingia na hakusimama wala kuacha kufua.

Nilianza mimi. Nikamwambia mimi ndiye niliyesema petroli iko, na nilisema kabla ya kujua. Akanisikiliza, akaitikia, "Mm." Akasuuza shati.

Mwalimu akasema yake. Ilikuwa fupi. "Mama Mukami, Jumapili ile niliona ukija kuketi. Nilikuona vizuri. Nikageuza kichwa makusudi. Haikuwa juu ya maji. Hakuna maji yaliniambia nigeuze kichwa."

Mama Mukami alikamua lile shati mpaka tone la mwisho. Akalianika. Akajipangusa mikono kwa leso, polepole, kila kidole.

Halafu akasema, "Ile siku nilitoka kanisani na miguu, peke yangu, na kila boma nilipita watu walikuwa kwa mlango. Wote waliniona." Akamtazama Mwalimu. "Jumapili hii wewe na mimi tutarudi pamoja. Njia ileile. Na tutatembea polepole, Mwalimu, waone."

Mwalimu Igoki akasema, "Hata tukifika jioni."

Mimi sikuwepo hiyo Jumapili. Niliambiwa na Mutwiri, ambaye shangazi yake anaishi kwenye hiyo njia. Alisema walipita wameshikana mikono, Mama Mukami upande wa juu na Mwalimu upande wa chini, wanasimama kwa kila boma kusalimia, na kutoka kanisani mpaka nyumbani ilichukua karibu saa mbili.

Pipa liling'olewa. Udongo mweusi ulichimbwa na kuondolewa. Kisima cha Mwalimu kimefunikwa, na nimekipima mara mbili tangu hapo, dizeli imepungua lakini haijaisha. Mafuta yakiingia ardhini hayatoki kwa kuombwa. Sasa anachota kwa nyanya wa ng'ambo ya lami.

Mimi bado nafanya kazi hii na bado naijua. Mkiniletea chupa mia leo nitazijaza mia bila povu. Kile nilichokosa siku ile hakikuwa mikononi. Nilikuwa na jibu kabla ya kuteka maji, na jibu likija kabla ya maji, hata pua yako mwenyewe huisikii.

Kwa hivyo funzo langu, na mlichukue kama mnalitaka: matokeo yoyote yanayohusu jina la mtu, soma yote kabla hujashika simu. Na kama ulishasema, nenda na miguu yako ukaseme umekosea, mbele ya walewale uliowaambia. Inauma mara moja tu.

Nauliza wale wa maabara, hospitali, magari, kazi yoyote ya kupima: ni nani hapa amewahi kutangaza jibu na baadaye akalazimika kurudi kulifuta? Ulirudi, au ulinyamaza? Andikeni bila kuogopa, mimi nimeshaanza. Na kama una posho mill yenye pipa chini ya udongo, weka simu chini, nenda ukaangalie nyasi zimeota ama hazijaota.